Wanachezaje, na Wamefiwa?

Video ilitua kwenye grupu la ukoo usiku, watu wakiwa wanalalamikia umeme. Ilikuwa Agosti 2025. Vijana na watoto wamekusanyika Gaza na mwalimu wao wa gitaa, Ahmed Abu Amsha. Juu yao, mahali ambapo kamera haifiki, kuna droni. Mlio wake ukishausikia mara moja hutausahau: haupandi, haushuki, haupumziki. Watu wa Gaza wameshaupa jina lao, zanana, maana wameishi nao miaka mingi kabla ya vita hivi.

Mwalimu hakungoja droni iondoke. Aliuchukua mlio wake, akawaanzishia wimbo kwenye sauti ileile, na wale vijana wakajipanga juu yake, wengine sauti nzito, wengine nyembamba, mpaka ikawa huwezi kuutenga mlio na wimbo.

Grupu likajaa mioyo na mikono ya dua. Kisha Mama Mdogo, ambaye haandiki kamwe, yeye hurekodi tu, akatuma sauti fupi.

"Mashallah, sauti zao nzuri. Lakini jamani wanangu, wanaimbaje na wamefiwa?"

Hakuna aliyemjibu. Umeme ulirudi, mazungumzo yakahamia kwingine.

Mimi swali lile lilinikaa wiki kadhaa.

## Redio inazimwa

Kwetu Unguja, nyumba ikiingia msiba redio inazimwa. Hata ya jirani. Babu alipofariki, nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa na harusi Ijumaa hiyohiyo. Waliozesha, pilau likaliwa, lakini beni waliyokwisha kuilipia haikupigwa. Hakuna aliyewaomba wafanye hivyo, na baba yangu alipokwenda kuwashukuru walimshangaa. Kwa hiyo najua Mama Mdogo hakuwa akiwalaumu watoto wa watu. Aliuliza kwa kipimo anachokijua.

Najua pia kwamba kipimo hicho si cha pwani nzima. Nenda kwa Wagiriama, huko nyuma ya Malindi, ukute msiba wa mzee aliyekula chumvi: watacheza mpaka alfajiri na watakuona wewe uliyekaa kimya kuwa ndiye mwenye kasoro. Lakini sisi tuliolelewa kwenye matanga ya kisomo na kahawa chungu, ngoma mbele ya kilio ni kumkosea marehemu adabu.

Jibu jepesi nilikuwa nalo. Ni lile linaloandikwa chini ya kila video ya namna hii: wanapinga kwa utamaduni wao, ngoma yao ndiyo silaha yao. Nilikuwa tayari kumtumia Mama Mdogo jibu hilo na kulala.

Kisha nikasoma habari za harusi za mwaka 1988.

Intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, ilipoanza Desemba 1987, Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza walianza kufunga ndoa zao kimyakimya. Waimbaji hawakuitwa, mistari ya dabke, ngoma yao ya kushikana mikono, haikupangwa barabarani, watu walikula na kuondoka. Waliona haya kucheza ilhali mlango wa pili kuna mfungwa, au kuna maiti. Na Krismasi ya 2023, Bethlehem, mji wenyewe wa sikukuu hiyo, ulifuta taa, mapambo na sherehe za barabarani kwa ajili ya Gaza.

Kumbe swali la Mama Mdogo wamelijua zamani. Na kuna miaka walilijibu kwa kuzima redio, kama sisi.

Jibu langu jepesi likaanguka hapo. Kama kucheza ni kupinga, kuacha kucheza nako kulikuwa nini? Kusalimu amri? Hakuna mtu mwenye akili atakayewaambia hivyo watu wa Intifada.

## Vigelegele makaburini

Kuna jambo lililonitatiza zaidi ya hilo.

Palestina, kijana ambaye hajaoa akiuawa, mazishi yake huitwa harusi. Harusi ya shahidi. Watu humsindikiza kwa nyimbo zinazomsindikiza bwana harusi, na mama yake hupiga vigelegele jeneza likipita. Mara ya kwanza kuona picha zake niliigeuza simu uso chini.

Sitaki kulipamba jambo hili. Wapo wanaosikia ushujaa katika vigelegele vile na wanavitungia maneno mazito mtandaoni. Mimi nilimsikia mama anayetoa sauti aliyokuwa ameiweka akiba kwa siku nyingine. Siku hiyo haikuja, sauti ikatoka hivyohivyo.

Nyimbo nazo zinahama kutoka kilioni kwenda harusini bila kuomba ruhusa. Tarehe 17 Juni 1930, Waingereza waliwanyonga vijana watatu katika gereza la Akka: Fuad Hijazi, Atta al-Zeer na Mohammad Jamjoum. (Ni Uingereza hiyohiyo ambayo wakati huo ilikuwa ikiitawala Tanganyika kwa udhamini wa League of Nations, kama ilivyoitawala Palestina. Tulikuwa faili mbili kwenye meza moja.) Wimbo wa kuwaomboleza watatu hao, ambao wengi wanasema ni wa mshairi Nuh Ibrahim, yeye mwenyewe akauawa 1938 akipigana na Waingereza, haujafa mpaka leo. Wajukuu na vitukuu wa waliousikia mara ya kwanza wanauimba, na mahali pamoja wanapouimba ni harusini, watu wameshikana mikono, maharusi wamekaa pale.

Nilikuwa nikitafuta mpaka: hapa msiba, hapa furaha, ngoma iko upande gani? Watu hawa hawajapewa nafasi ya kuuchora mpaka huo. Ukisema usubiri matanga yaishe ndipo uoze, utaoza lini?

## Mguu

Nikaacha kusoma maoni ya watu, nikaanza kuitazama ngoma yenyewe.

Dabke huchezwa Palestina, Lebanon, Syria na Jordan. Wachezaji wanasimama bega kwa bega, wameshikana mikono, mstari umepinda nusu duara. Mguu unavuka mbele ya mwenzake, unarudi, teke fupi, kisha unyayo unapiga chini kwa kishindo. Ni hicho kishindo watu wanachokitaka. Mbele ya mstari kuna kiongozi, lawih, mwenye kitambaa au tasbihi anayoizungusha hewani. Yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko: kuchuchumaa, kuruka, kujitenga na mstari na kurudi. Wengine wote kazi yao ni moja, kutua pamoja.

Zipo namna nyingi. Iliyoenea sana ni shamaliyya. Kusini, kwa Mabedui wa Naqab, wana dahiyya yao, yenye makofi na kifua zaidi ya miguu. Palestina mtu akikutazama unavyoweka mguu anaweza kubahatisha umetoka upande gani.

Wazee wao wanasimulia kwamba chimbuko lake ni paa. Nyumba za vijijini ziliezekwa kwa miti, nyasi na udongo, na kila kabla ya mvua udongo ulipasuka. Mwenye nyumba aliwaita jirani, wakapanda juu, wakashikana mikono na kuukanyaga kwa pamoja huku wakiimba ili miguu isipishane. Kama ndivyo ilivyoanza kweli au ni hadithi nzuri tu, mimi naipokea, kwa sababu naijua kazi hiyo. Mji Mkongwe na Lamu wamejengwa hivyo. Dari ya mawe na chokaa ilipigiliwa siku kadhaa, watu wamejipanga safu, vigongo mkononi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia kwa kipigo. Bibi yangu alikuwa akiimba vipande vya nyimbo za kupigilia dari akipepeta mchele. Dari zenyewe nyingi zimeshaanguka.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kunifungukia. Ngoma ya namna hii haiwezekani peke yako. Mwimbaji anaweza kukaa uhamishoni chumbani kwake na udi wake akaimba. Mchezaji wa dabke akiwa peke yake ni mtu anayekanyaga sakafu tu. Anahitaji wa kulia na wa kushoto, na wote wawili wawe wanaujua mguu uleule.

Sasa fikiria mwaka 1948. Watu zaidi ya 700,000 wameondolewa au wamekimbia, vijiji mamia vimebaki vitupu. Kambi ya Burj al-Barajneh, Beirut, ilijaa watu wa Tarshiha, Kuwaykat na al-Kabri, kila kundi na mtaa wake, wakiviita vichochoro kwa majina ya walikotoka. Chukua Kuwaykat: kijiji chenyewe hakipo. Shamba halipo, msikiti haupo, kisima hakipo. Unajuaje kwamba watu wa Kuwaykat bado wapo?

Subiri mtu aoe.

## Bomba refu

Ala ya dabke ya zamani inaitwa yarghul. Ni filimbi mbili za tete zilizofungwa pamoja. Moja ina matundu, vidole vinachezea humo na ndimo unamotoka wimbo. Ya pili ni ndefu kuliko mwenzake na haina matundu ya vidole. Inatoa sauti moja nzito, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, bila kukatika. Mpigaji hujaza mashavu na kuvuta pumzi kwa pua huku akipuliza, kama wapiga zumari wa Pemba na Lamu, ili sauti isipate nafasi ya kufa.

Nilipoielewa ala hiyo niliirudia video ya Abu Amsha, mara hii kwa spika za masikioni.

Wale vijana wanaifanya droni kuwa bomba refu.

Sijui kama mwalimu alilifikiria hivyo, na sidhani kama inahitajika awe amelifikiria. Mtu aliyekulia kwenye muziki wenye sauti moja inayolala chini ya wimbo, akilazimishwa kusikiliza sauti moja mchana na usiku, sikio lake litafanya kile lilichofundishwa. Kwa hiyo nilipoona watu wameandika chini yake kwamba "wamekigeuza chombo cha kifo kuwa muziki", nilikubali nusu. Droni ilibaki droni. Ilikuwa inatazama, na baada ya wimbo iliendelea kutazama. Kilichonishangaza ni kingine: kwamba katikati ya mahema, njaa na kuhamahama, masomo ya muziki yalikuwa bado yanaendelea, na watoto walikuwa wameshafundishwa kushika sauti na kutoipoteza. Ile si kazi ya siku moja. Mwalimu yuko kwenye Chuo cha Taifa cha Muziki cha Edward Said, kilichoanza 1993 Ukingo wa Magharibi na kufungua tawi Gaza 2012. Wakati wa vita walimu wake wamefundisha kwenye mahema, kwa ala chache zilizosalimika.

Kila mtu aliyewahi kujifunza ganuni au udi pale Forodhani anajua ugumu wa kumkalisha mtoto afanye mazoezi hata umeme ukiwepo.

## Kina mama hawakuhitaji jukwaa

Dabke inapendeza kwenye kamera kwa hiyo inasifiwa sana. Lakini nadhani mzigo mkubwa umebebwa na nyimbo zisizochezwa kabisa.

Wanawake wa Palestina wana nyimbo za taratibu zinazoitwa tarwida, za usiku wa hina na za kuagana. Inasimuliwa kwamba zamani za Waturuki na Waingereza, wanawake walichomeka herufi za ziada ndani ya maneno, herufi ya lam hapa na pale, ili askari asielewe, wakaenda kuimba karibu na kuta za magereza kuwapa wafungwa habari. Sisi tuliokuwa tukisema kinyume shuleni ili mwalimu wa zamu asitufahamu hatuhitaji maelezo zaidi.

Na kuna bembelezi. Rim Banna, mwimbaji wa Nazareth aliyesomea muziki Moscow na kufariki Machi 2018, alizikusanya nyimbo za watoto na za kubembeleza kutoka kwa wanawake wazee. Aligundua kwamba mara nyingi maneno yapo na sauti imepotea. Bibi anayakumbuka maneno, ile namna ya kuyaimba imeondoka na watu waliotawanyika. Basi akayatungia sauti mpya.

Hili nililigeuza kichwani kwa siku nyingi. Je, ni bembelezi ya zamani au ni wimbo wa Rim Banna? Mtafiti mkali atasema ni wa kwake. Mimi naona mtoto aliyelala kwa wimbo ule hakudai cheti.

## Kanda 3,000

Mwishoni mwa 1987, Jerusalem, mwanamuziki Riad Awwad aliwakusanya dada zake sebuleni na kurekodi kanda ya nyimbo za Intifada, baadhi ya vifaa akiwa amevitengeneza mwenyewe. Zilitolewa kama kanda 3,000 zikasambazwa mjini. Jeshi la Israel lilizikamata na kumtia ndani.

Baada ya miaka zaidi ya 30, mwigizaji Mo'min Swaitat, mwenyeji wa Jenin aishiye London, alikwenda nyumbani na kununua maelfu ya kanda kutoka duka la muziki la zamani lililokuwa limeshafungwa. Ndani yake palikuwa na harusi za Mabedui zilizorekodiwa papo kwa papo, nyimbo za mapenzi, nyimbo za chama, na kanda ya Awwad. Tangu hapo amekuwa akizitoa upya chini ya jina Majazz Project.

Mimi nina umri wa kukumbuka kanda. Nakumbuka kuirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic kuokoa betri, na sauti ya shangazi ikiingia katikati ya taarabu kwa sababu mtu alibonyeza kitufe chekundu. Kwa hiyo naelewa kwa nini moyo wangu haukukaa kwenye kanda zilizokamatwa bali kwenye zile za harusi. Jeshi liliifuata kanda ya Awwad kwa sababu ilijitangaza. Zile za harusi zilikaa rafuni miongo mitatu hakuna aliyezijali, wala jeshi wala sisi wapenda mapambano. Na ndizo zenye mengi zaidi: nani alimwoa nani, mwimbaji aliwataja watu gani mlangoni, ukoo gani ulikuja kutoka kijiji gani.

## Tunaogombania mguu

Dabke imewahi kuchukuliwa mchana kweupe. Mwaka 1944, katika kibutsi (kijiji cha ujima cha Wayahudi) cha Dalia, Gurit Kadman aliandaa tamasha la ngoma za asili za Wayahudi waliohamia Palestina. Taifa lililokuwa likijengwa lilitaka kuwa na ngoma ya taifa, na ngoma ya taifa haiagizwi dukani. Hatua za dabke ya wanakijiji Waarabu ziliingia humo na kuwa "debka" ya Kiisraeli. Baadaye wanakijiji wenyewe wakaondolewa.

Ndiyo maana kundi kama El-Funoun, lililoanzishwa Ramallah na al-Bireh 1979, lilipopanda jukwaani na miguu ya babu zao lilikuwa linadai mali yake, na baadhi ya wachezaji wake walilipia kwa kufungwa na kunyimwa safari. Desemba 2023, mabomu yakianguka Gaza, kamati ya UNESCO iliyokuwa inakutana Kasane, Botswana, iliiandikisha dabke ya Palestina kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nilifurahi kwamba ilifanyika kwenye ardhi ya Afrika. Nilijiuliza pia orodha inamlinda nani wiki kama ile.

Lakini ugomvi si wa nje tu, na hapa makala nyingi hufumba macho. Mwaka 2005, halmashauri ya Qalqilya, mji wa Ukingo wa Magharibi, iliyokuwa chini ya chama cha Kiislamu cha Hamas, ilizuia tamasha la kimataifa la Palestina lisifanyike mjini humo. Walilalamikia wanaume na wanawake kuchanganyika. Mshairi Mahmoud Darwish alikuwa miongoni mwa waliolalamika hadharani. Kwa msomaji wa Unguja au Mombasa hilo si geni hata kidogo. Kila mwaka tunalijadili, muziki halali au haramu, wanawake wakae wapi. Msanii wa Gaza amebanwa na kizuizi cha jeshi mbele na mtu wa mtaani kwake nyuma, na anayemchora kama shujaa asiye na shida ila moja hajamtazama.

Wapo na wanaolia kwamba harusi za siku hizi zimeharibika. Kinanda cha umeme kimefukuza yarghul, kitufe kimoja kinatoa sauti ya filimbi za tete, na vijana wa 47Soul, kundi lililoanzia Amman 2013, wameichanganya dabke na mashine na kuipeleka kwenye kumbi za disko Ulaya. Mnaojua vita vya taarab asilia na rusha roho mnaweza kuyaandika malalamiko hayo bila kuyasikia. Mimi niko upande wa kinanda. Ngoma inayolindwa isiguswe imeshaandaliwa sanda.

## Mwimbaji wa harusi

Mohammed Assaf alikulia kambi ya wakimbizi ya Khan Younis, akiimba kwenye harusi. Alifanya safari ngumu kutoka Gaza hadi Cairo kwa usaili wa Arab Idol, shindano la televisheni la waimbaji, akafika milango imefungwa. Akaruka ukuta wa hoteli. Ndani hakuwa na namba ya kusailiwa; alikaa akiimba kwenye chumba cha kusubiria mpaka Mpalestina mwenzake akampa namba yake mwenyewe. Juni 2013 akashinda, Gaza na Ramallah zikamwagika barabarani, na kwa mara moja watu wa pande hizo mbili, zilizogombana kisiasa, walishangilia kitu kimoja.

Baada ya hapo akawa bendera. Balozi wa vijana wa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, uso kwenye mabango. Namwonea huruma kidogo. Mtu akishakuwa bendera anaruhusiwa kuimba nini? Akiimba mapenzi ataambiwa amesahau, akiimba nchi ataambiwa anauza uchungu. Ni mtego uleule niliokuwa nikiutega mimi na jibu langu jepesi: nilitaka kila Mpalestina anayefungua kinywa awe amefanya hivyo kwa ajili ya mapambano, ili mimi niliye mbali niweze kuisikiliza furaha yake bila kuona haya.

Ninachoamini sasa ni kwamba mpangilio ni kinyume. Hawachezi ili wapinge. Wanacheza kwa sababu fulani anaoa, na bibi amesema hataingia kaburini kabla ya kuiona siku hiyo. Kwa vile kuna mwenye nguvu ambaye angependa kusiwe na fulani, wala bibi, wala jirani wa kuwaalika, basi harusi hiyo inamkera, bila hata wao kumkusudia. Intifada ilipowataka wanyamaze walinyamaza, na walijua kunyamaza pamoja. Hilo nalo linahitaji watu wanaojua kutua kwa mguu mmoja.

Harusi zimefungwa Rafah na Khan Younis ndani ya mahema ya wakimbizi. Picha nilizoziona hazina uzuri wa jukwaa: bi harusi amevaa gauni la kuazima, mchanga kila mahali, wanawake wachache wanapiga makofi. Mstari ulikuwa mfupi, kwa sababu waliotakiwa kuujaza hawapo.

## Mkiani

Siku hizi dabke inachezwa kwenye maandamano London na Chicago, na wengi walioshikana mikono si Wapalestina. Nimekuwa na mashaka nayo. Mguu unajifunzwa kwenye video ya dakika mbili, unarekodiwa, unapandishwa mtandaoni, na maandamano yakiisha watu wanakwenda kunywa kahawa. Rafiki yangu mmoja aliyewahi kufanya kazi Amman alinicheka niliposema hivyo. Akasema mstari wa dabke haujawahi kuwauliza watu vitambulisho. Mgeni anaingia mkiani, anaburutwa, anakanyaga watu, na wimbo wa tatu ukifika anakuwa ameelewa au amechoka. Kwamba aliyeandaa harusi anataka mstari mrefu, basi.

Sijamkubalia yote. Kwenye harusi kuna mwenyeji anayekujua, atakayekuuliza kesho mbona hukuja kumwona mgonjwa. Barabarani hakuna wa kukuuliza. Lakini ile habari ya mkia imenikaa.

Wasomaji wangu mlioko Muscat, Doha, Dubai na Amman, najua wengi mmefanya kazi na Wapalestina na wamewaalika kwao. Aliyewahi kuvutwa mkono akaingizwa kwenye mstari harusini aniandikie hapo chini. Nataka kujua walikupanga wapi, wimbo gani ulikuwa unapigwa, na nani aliyekushika upande wa kushoto.